Soma Hati Kwanza: Mwongozo wa Haki Jinai kwa Askari Magereza Mpya

Karandinga linafika getini saa kumi na moja jioni, muda wa lokapu, yaani kuwafungia watu wodini kwa usiku, umekaribia, na ndani wamo watu kumi na tisa. Askari aliyewasindikiza anakukabidhi bunda la karatasi lililolowa jasho la kiganja, kisha anatafuta maji ya kunywa. Wewe umetoka depo wiki mbili zilizopita. Watu wanashuka mmoja mmoja, wanachuchumaa kwenye mstari, na kila unayemsogelea anakuitikia "ndiyo afande". Machoni pako wote ni wamoja. Mmoja, lakini, ni mfungwa wa miezi sita. Mwingine ni mahabusu ambaye dhamana yake iko wazi tangu asubuhi, amekosa wadhamini tu. Wa tatu huenda hajafikisha miaka 18 na hakupaswa kuletwa kwako kabisa. Anayeweza kuwatofautisha jioni hiyo ni wewe, kwa karatasi ulizozishika.

Nimetumikia magereza Tanzania Bara kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeimalizia ofisi ya kumbukumbu, mezani penye rejesta na mihuri. Depo hutufundisha kwata, silaha, ulinzi na upekuzi, na hayo ni ya lazima. Ila nimeona vijana wazuri, wenye nidhamu, wakiwatesa watu bila kukusudia kwa sababu hawakujua mtu aliye mbele yao amefika hatua gani ya kesi yake. Kwa hiyo nakuandikia hatua kwa hatua. Ninazungumzia watu wazima na ninazungumzia Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za jinai, na huko gereza huitwa Chuo cha Mafunzo.

Hatua ya kwanza: ijue njia aliyopita kabla ya kukufikia

Kesi nyingi huanza polisi. Mlalamikaji anaripoti kituoni, anafunguliwa jalada na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo. Aliyejeruhiwa anapewa fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Mtuhumiwa akikamatwa, sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Rushwa inachunguzwa na TAKUKURU, na dawa za kulevya zina mamlaka yake.

Jalada linapelekwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iliyo chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wengi tunamwita DPP. Yeye ndiye mwenye uamuzi wa kushtaki, na ndiye mwenye uwezo wa kuliondoa shauri mahakamani kabla ya hukumu. Polisi hawashtaki kwa mamlaka yao wenyewe, na hakimu hachagui nani ashtakiwe. Lielewe hili mapema, kwa sababu utaulizwa kila siku na mahabusu: "Afande, kwa nini hawaniachii?" Ukijua nani ana uamuzi gani, utamwelekeza pa kuuliza badala ya kumpa matumaini ya uongo au kumfokea.

Mahakama inasikiliza na kuhukumu, kisha ndiyo zamu yetu. Mwaka 2023 Tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliziangalia taasisi hizi zote kwa pamoja na kumkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti yake mwezi Julai. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuzitazama: mnyororo mmoja. Sisi tuko mwisho wa mnyororo huo, na wa mwisho hubebeshwa makosa ya wote waliotangulia. Jina likikosewa kituoni, likanakiliwa hivyo kwenye hati ya mashtaka, likasomwa hivyo na karani, litakufikia wewe likiwa limepigwa muhuri mara tatu.

Hatua ya pili: soma hati kabla hujampokea mtu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kazi yako inapoanzia.

Hakuna mtu anayeingia gerezani bila hati halali. Ndivyo Sheria ya Magereza, Sura 58, inavyotaka, na ndivyo zinavyotaka Kanuni za Mandela za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Mara nyingi utakutana na hati za aina mbili: hati ya mahabusu, inayokuamuru umtunze mtu hadi tarehe fulani arudi mahakamani, na hati ya kifungo, inayokuamuru umtunze kwa muda uliotajwa kwa sababu ameshatiwa hatiani. Ukizichanganya hizi mbili, umeharibu kila kitu kitakachofuata.

Kwenye kila hati tafuta jina kamili, namba ya kesi, mahakama iliyotoa amri, kosa, tarehe, sahihi ya hakimu au jaji, na muhuri. Kwenye hati ya mahabusu ongeza tarehe ya kurudi mahakamani. Kwenye hati ya kifungo ongeza muda wa adhabu, na kama makosa ni zaidi ya moja, angalia kama vifungo vinakwenda pamoja au vinafuatana.

Sasa jambo dogo ambalo limeniepusha na makubwa. Usimsomee mtu jina lake. Usiseme, "Wewe ndiye Juma Hamisi?" Mtu aliyetoka kuhukumiwa mchana huo, mwenye njaa na hofu, atasema ndiyo kwa jina lolote utakalotaja. Muulize, "Unaitwa nani?", kisha baba yake, babu yake, kijiji au mtaa, na kosa aliloshtakiwa, huku wewe ukifuatilia kwenye hati kwa kidole. Gereza moja linaweza kuwa na akina Juma watano, wawili wakiwa na jina moja la baba. Siku ya kuachia huwa mbaya sana mlipokosea siku ya kupokea.

Ukiona kasoro, peleka suala kwa kiongozi wako wa zamu au mkuu wa gereza, na mahakama iulizwe kwa njia rasmi. Kalamu yako isiguse hati hiyo, hata kama kosa ni la herufi moja na hata kama koplo anakuambia "andika tu hapo, tunachelewa". Hati ni amri ya mahakama, na anayeirekebisha ni mahakama.

Mtazame mtu pia, si karatasi peke yake. Ana jeraha? Anachechemea? Anatema damu? Iandikwe kabla hajavuka geti, mbele ya aliyemleta, na mganga aitwe. Kinachoonekana jioni hiyo na kisiandikwe, kesho kitahesabiwa kimetokea mikononi mwako. Fedha, simu, saa, hata mkanda, viandikwe kimoja kimoja mbele ya mwenyewe, naye atie sahihi au dole gumba. Mwanamke anapekuliwa na askari wa kike, na hilo halina mjadala. Akija na mtoto mchanga, mtoto naye ana mahitaji yake ya chakula na afya, ingawa hana kosa wala hati.

Halafu umri. Mtoto chini ya miaka 18 ana mahakama yake, na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kumhukumu kifungo cha gerezani. Ukimwona kijana ambaye sauti bado inavunjika na hati inasema ana miaka 19, usinyamaze kwa kuwa karatasi imeshasema. Ripoti usiku huohuo, atengwe na watu wazima, na uthibitisho wa umri utafutwe.

Hatua ya tatu: mahabusu hajafungwa

Mtaani watu husema "kafungwa Segerea", lile gereza la Dar es Salaam, kwa mtu ambaye kesi yake haijaanza hata kusikilizwa. Mtaani waseme; wewe huna ruhusa hiyo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia mpaka hatia ithibitike. Maana yake wodini: mahabusu anatengwa na wafungwa, anavaa nguo zake, hapelekwi shamba kulima, ana nafasi ya kuonana na wakili wake, na anafikishwa mahakamani kwa tarehe iliyoandikwa.

Tarehe hiyo ndiyo roho yake. Mashauri ya walio ndani kwa kawaida hutajwa kila baada ya siku 14, ama kwa kupelekwa mahakamani, ama kwa mahakama mtandao pale gereza lilipo na vifaa. Utasikia mara nyingi "upelelezi haujakamilika", na kesi inaahirishwa. Inachosha kusikia, basi fikiria anayeisikia kwa mwaka wa pili. Wewe huwezi kuharakisha upelelezi, lakini unaweza kuhakikisha hakosi tarehe hata moja kwa sababu ya gari, orodha iliyosahaulika au jina lililorukwa. Viongozi wa mahakama, mashtaka, polisi na magereza wanapokutana kusukuma mashauri, orodha wanayofanyia kazi inatoka kwenye rejesta zetu. Aliyerukwa pale amerukwa kikaoni.

Kuhusu dhamana, jua makundi mawili. Yapo makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha, usafirishaji haramu wa binadamu, na biashara ya dawa za kulevya kwa kiwango kilichotajwa. Mengine yana dhamana, na hapo ndipo utawakuta watu waliobaki ndani kwa sababu tu nyumbani hawana habari. Hakimu amesema wadhamini wawili, wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho. Mama yake yuko Kondoa na hajui hata kama mwanawe amekamatwa. Ukimkuta mtu wa namna hiyo, mpeleke ofisi ya ustawi au kwa watoa msaada wa kisheria wanaoruhusiwa kuingia gerezani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ndugu zake wapate taarifa kwa njia halali. Usimpigie ndugu kwa simu yako ya mkononi. Leo umepiga kwa huruma, kesho mwenzako anapiga kwa kulipwa, na kuanzia hapo hakuna atakayewatofautisha.

Hatua ya nne: itambue mahakama iliyomleta

Ngazi ni hizi: Mahakama ya Mwanzo, kisha Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu, na juu kabisa Mahakama ya Rufani. Ya Mwanzo inashughulika na wizi mdogo, matusi, shambulio na mengine ya karibu na jamii, na vifungo vyake kwa kawaida havizidi miezi 12. Wilaya na Hakimu Mkazi ndiko wanakotoka wafungwa wako wengi wa muda mrefu, wakiwemo wa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na ubakaji. Mauaji na uhaini husikilizwa Mahakama Kuu, ingawa mshtakiwa huanza kufikishwa mahakama ya chini kwa hatua za awali. Ndiyo maana ana hati ya mahakama ambayo haina mamlaka ya kumhukumu, na ndiyo maana hakimu humwambia asijibu chochote. Uhujumu uchumi na rushwa kubwa zina divisheni yake ya Mahakama Kuu tangu 2016.

Adhabu ya kifo ingali kwenye vitabu kwa mauaji na uhaini, lakini haijatekelezwa tangu 1994. Ukipangiwa zamu kwa waliohukumiwa kunyongwa, jua unalinda watu wanaoishi miaka mingi katika kungoja, na wengi wao wana rufaa au maombi yanayoendelea.

Hatua ya tano: jifunze kuhesabu kifungo

Usiseme hesabu ni za ofisi ya kumbukumbu. Mfungwa atakuuliza wewe uliye naye shambani.

Kifungo kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ya hukumu, isipokuwa hati imesema vinginevyo, na siku yenyewe inahesabiwa. Tuseme mtu amehukumiwa miaka 6 tarehe 3 Juni 2024. Kifungo kamili kinaisha 2 Juni 2030. Mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja, yaani miaka 2, kwa hiyo tarehe yake ya kutoka ni 2 Juni 2028. Tarehe zote mbili zinaandikwa, kwa sababu theluthi hiyo inaweza kupunguzwa kwa makosa ya kinidhamu yaliyothibitishwa kwa utaratibu. Kifungo cha maisha hakina theluthi.

Sasa angalia vifungo viwili. Mtu ana miaka 4 kwa kuvunja nyumba na miaka 3 kwa kuiba. Vikienda pamoja, anatumikia 4, na baada ya theluthi anatoka kwa miaka 2 na miezi 8. Vikifuatana vinakuwa 7, anatoka kwa miaka 4 na miezi 8. Neno moja kwenye hati, miaka miwili ya uhai wa mtu. Hati ikinyamaza, usiamue wewe wala asiamue nyapara, mfungwa anayewasimamia wenzake, kwa uzoefu wake, mahakama iandikiwe.

Hatua ya sita: rufaa hupitia mikononi mwako

Ukisahau mengine yote, hili lishike.

Aliyefungwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ana siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30. Na mfungwa hatembei hadi masjala. Anampa mkuu wa gereza, maana yake anakupa wewe, nawe unampa afisa, naye anapeleka. Sheria inaitambua njia hiyo.

Siku 10 ni chache mno kwa mtu ambaye usiku wa kwanza hapati usingizi, wa pili hapati, na siku ya tatu ndiyo anaanza kusikia anachoambiwa. Kwa hiyo ulizia siku ileile anapofika: "Unakusudia kukata rufaa?" Asiyejua kuandika aandikiwe na kusomewa, kisha aweke dole gumba.

Nilipokuwa mgeni kazini, kwenye gereza ambalo sitalitaja, mzee mmoja alinifuata akiwa amekunja kofia mkononi. "Mwanangu afande," alisema, na hadi leo naisikia ile namna alivyounganisha maneno hayo mawili, "ile karatasi yangu ilifika?" Alikuwa ameitoa notisi siku ya saba. Niliitafuta nikaikuta kwenye droo, chini ya daftari la zamu. Ilikuwa imepokelewa vizuri kabisa, ila hapakuwa na tarehe, sahihi wala muhuri, na hakuna aliyeipeleka. Kilichofuata ni maombi ya kuongezewa muda, ambayo mahakama haiyakubali kwa maneno ya mfungwa matupu. Hutaka kiapo cha askari au afisa wa gereza kuthibitisha kuwa kucheleweshwa kulitokea huko. Kiapo nilikiandika mimi, kwa aibu. Muda aliongezewa, lakini miezi ilishapita, na ile miezi aliilala yeye.

Tangu hapo kanuni yangu ni hii: karatasi ya mfungwa ikigusa mkono wangu, naandika tarehe na saa, natia sahihi, inaingia rejesta, na naondoka zamu nikiwa nimeikabidhi kwa mtu aliyesaini kuipokea. Mwambie mfungwa tarehe hiyo. Ni haki yake kuijua.

Hatua ya saba: milango mingine ya kutokea

Si kila anayetoka amemaliza muda. Aliyehukumiwa faini au kifungo anatoka ndugu wakilipa faini, nao walipe kwa namba ya malipo ya serikali, wala isipite noti hata moja mkononi mwako. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu baadhi ya vifungo visivyozidi miaka 3 vitumikiwe nje kwa kazi za umma chini ya maofisa probesheni. Bodi za Parole, yaani za kutoa watu mapema kwa masharti, zilizoundwa kwa sheria ya 1994, hupitia wafungwa wa vifungo virefu waliotumikia walau theluthi moja, lakini siyo wa maisha, wa unyang'anyi wa kutumia silaha wala wa makosa ya kujamiiana. Na Rais ana uwezo wa msamaha chini ya ibara ya 45 ya Katiba, ambao mara nyingi hutangazwa Aprili 26 au Desemba 9. Zikikaribia siku hizo gereza zima hubadilika, watu hukosa usingizi. Usimwahidi mtu yeyote kuwa jina lake limo.

Hatua ya nane: kumwachia

Anza kama ulivyoanza jioni ile ya karandinga: "Unaitwa nani? Baba yako? Ulishtakiwa kosa gani?" Linganisha na hati, alama za vidole na picha. Angalia kama ana hati nyingine, kwa sababu mtu anaweza kumaliza kifungo kimoja huku ana kesi nyingine ambamo ni mahabusu. Kama hana, siku yake ikifika atoke asubuhi. Kumweka mtu siku moja zaidi ya hati ni kumfunga bila mahakama, hata kama sababu ni kwamba afisa mwenye muhuri alikuwa kwenye msiba.

Mfungulie ukurasa uleule wa rejesta ya mali, pale alipoweka dole gumba siku ya kwanza. Mhesabie fedha zake mbele yake, mpe saa yake, simu yake, mkanda wake, kimoja kimoja kama mlivyoviandika. Asaini. Muulize anaelekea wapi na kama ana nauli. Kama hana, mkumbushe afisa wa zamu kabla hajavuka geti.